Sauti ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu: Historia ya Kujifunza Uimbaji wa Rege katika Ukanda wa Sondu na Kisumu

1. Utangulizi

Muziki wa rege umekwisha kujadiliwa sana katika Afrika Mashariki kwa upande wa maneno yake. Husemwa kwamba ni muziki wa wanyonge, kwamba unaitukuza Afrika, kwamba umebeba imani ya Marasta. Yote hayo ni kweli, lakini hayaelezi ufundi ambao bila huo maneno yenyewe yasingalisikika kama yanavyosikika: ufundi wa watu watatu kusimama pamoja, mmoja akaongoza, na wawili wakamfuata kwa sauti mbili zilizo tofauti na yake lakini zinazopatana nayo. Ufundi huo haupatikani kwa kuzaliwa. Hufundishwa, na kila jamii inayoupokea huupokea kwa masikio yaliyokwisha kuzoezwa na mambo mengine.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya mazoezi hayo ya masikio katika ukanda wa Sondu na Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam. Hoja inayotetewa ni mbili. Kwanza, kijana wa ukanda huo aliyeanza kuiga waimbaji wa Jamaika katika miaka ya 1970 na 1980 hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa amerithi shule mbili za uimbaji ambazo kwa muda mrefu zilikaa mbalimbali, ile ya kuongoza na kuitikia na ile ya sauti nne za kanisani, na rege ilimpa namna ya kuziunganisha. Pili, suala la lugha ya kuimbia si suala la mapenzi tu. Kiswahili, Kijaluo na Kikipsigis havichukuliani na mahadhi kwa namna moja, na tofauti hiyo yapaswa kuwashughulisha wanaisimu kama inavyowashughulisha wanamuziki.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya istilahi. Ushairi wa Kiswahili una msamiati mpana wa uimbaji wa zamu: kiitikio, kibwagizo, mkarara, kupokea, kuitikia. Lakini uimbaji wa sauti kadhaa kwa wakati mmoja haukupewa jina la namna hiyo. Makanisani husemwa "sauti ya kwanza", "sauti ya pili" na kuendelea, au hutajwa soprano, alto, tena na besi. Katika makala haya utatumika msemo "upatanifu wa sauti". Msemo huu umejengwa juu ya kitenzi kile kile ambacho sarufi imekitumia kuunda "upatanisho wa kisarufi", na maana hazikuachana sana: katika sarufi, kivumishi hakiwi nomino, bali hubeba alama ya nomino hiyo, katika uimbaji, sauti ya pili haiwi ya kwanza, bali hutembea kwa kuiangalia.

2. Mahali na wasemaji wake

Sondu ni mji wa soko ulioko Nyakach, mpakani mwa Kisumu na Kericho, kwenye barabara itokayo Kisumu kupitia Ahero kuelekea Oyugis na Kisii. Mto unaoitwa kwa jina hilo hushuka kutoka nyanda za juu za Mau, ukapita hapo na kuingia ziwani. Katika sehemu ya chini huitwa pia Miriu, na majina hayo mawili yamewekwa pamoja katika mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60, uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kwa mwanaisimu, umuhimu wa Sondu uko katika watu wanaokutana hapo. Wajaluo hutoka upande wa ziwa, Wakipsigis hushuka kutoka milimani, na Wakisii hufika kutoka kusini. Lugha mbili za kwanza ni za jamii ya Kiniloti, ya tatu ni ya Kibantu. Kila mmoja ana lugha yake nyumbani, lakini bei hutajwa na kubishaniwa kwa Kiswahili. Hivyo Kiswahili cha Sondu si lugha ya wenyeji wala si lugha ya shule tu. Ni lugha ya mahali ambapo hakuna aliye mwenyeji zaidi ya mwenzake.

3. Shule ya kwanza: kuongoza na kuitikia

Uimbaji wa asili wa Wajaluo umesimama juu ya mtu mmoja. Mpiga nyatiti huketi na ala yake ya nyuzi nane. Kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu hugonga ukingo wa ala, na njuga za mguuni humjibu. Yeye ndiye mtungaji, ndiye mpigaji, ndiye mwimbaji. Hata hivyo hayuko peke yake. Msikilizaji anayo haki ya kumkatiza kwa pakruok, yaani kujitapa na kuwatapa wenzake kwa majina ya sifa, mara nyingi baada ya kutoa fedha. Wanawake humpokea kwa sigalagala. Katika nyimbo za dodo za wanawake, kiongozi hutoa mstari na kundi zima likaujibu.

Katika shule hii mwanafunzi hujifunza jambo moja kubwa, nalo ni wakati wa kuingia. Mwitikiaji anayeingia mapema humnyang'anya kiongozi neno lake, na anayechelewa huuacha wimbo ukiwa wazi. Lakini mwitikiaji hafundishwi kushika sauti tofauti na ya jirani yake na kudumu nayo.

Upande wa Wakipsigis, ushahidi mashuhuri kuliko wote ni ule uliorekodiwa na Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka 1950. Wasichana wa Kikipsigis waliimba wimbo uitwao "Chemirocha", wakisindikizwa na ala ya nyuzi. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis pamoja na gramafoni. Kwa maelezo ya Tracey, kiumbe aliyeimbwa alikuwa nusu mtu, nusu swala. Jina liligeuzwa likafuata matamshi ya Kikipsigis, mwimbaji akageuzwa kuwa mtu wa ngano, na uimbaji wake haukuigwa hata kidogo: wasichana wale waliimba kwa namna yao wenyewe.

Tukio hili lina uzito katika historia inayojadiliwa hapa. Laonyesha kwamba mwaka 1950, karibu na Sondu, sauti ya ng'ambo iliyoletwa na mashine ilikuwa imekwisha kusikilizwa, kujadiliwa na kufanywa mali ya wenyeji. Anayedhani kwamba vijana wa miaka ya 1970 ndio waliokuwa wa kwanza kufundishwa na santuri amekosea kwa kizazi kizima.

4. Shule ya pili: sauti nne

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Wamisionari hawakukawia. Mwaka 1906 shule ya Maseno ilianzishwa na chama cha misheni cha Kianglikana, na mwaka huo huo Waadventista wa Sabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, walianza kazi huko Gendia, karibu na Kendu Bay, upande ule ule wa kusini wa ghuba ambako mto Sondu humwaga maji yake. Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa wamekwisha kufika Kisumu.

Misheni za Kiprotestanti zilileta nyimbo za sauti nne, na pamoja nazo njia ya kuzifundisha, yaani solfa. Njia hii ilibuniwa Uingereza na Sarah Glover, ikaendelezwa na John Curwen tangu miaka ya 1840. Badala ya nukta juu ya mistari mitano, solfa hutumia herufi: d, r, m, f, s, l, t. Faida yake kwa misheni ilikuwa dhahiri. Iliweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida, iliandikika ubaoni kwa chaki, na haikuhitaji kinanda. Mtu aliyekwisha kujua kusoma silabi za lugha yake aliweza kusoma na sauti.

Mazoezi ya kwaya yalifuata utaratibu unaojulikana hadi leo. Kila sauti hufundishwa peke yake, kwanza kwa majina ya solfa, kisha kwa maneno. Ndipo sauti mbili hukutanishwa, kisha tatu, kisha nne. Kosa la mwanafunzi mgeni ni lile lile kila mahali: akisikia soprano karibu yake, huacha sauti yake na kuvutwa huko, kwa kuwa soprano ndiyo iliyobeba mahadhi anayoyajua. Dawa yake ni kuikariri sauti ya pili mpaka iwe kwake ni wimbo kamili, wala si kivuli cha wimbo wa mwingine. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, liliutia nguvu utaratibu huu kwa kuufanya uwe jambo la kushindaniwa kati ya shule na shule.

Hivyo shule ya pili ilifundisha kile ambacho ya kwanza haikufundisha, yaani kudumu katika sauti yako. Lakini nayo ilipoteza kitu. Katika tenzi za misheni, sauti zote nne hutamka silabi moja kwa wakati mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kiongozi, na kwa hiyo hakuna wa kukatizwa wala wa kujibiwa. Nafasi ya pakruok haimo.

5. Benga na sauti mbili

Muziki wa benga, uliokomaa katika miaka ya 1960 na 1970, ulianza kuzikaribisha shule hizo mbili. Gitaa lilichukua kazi ya nyatiti, na pakruok ikarudi kwa namna ya majina ya watu kutajwa ndani ya wimbo. Juu ya hayo, mwimbaji mkuu aliwekewa mwenzake wa sauti ya pili, na wawili hao wakatembea pamoja kwa nafasi moja baina yao. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, ndiye mfano unaotajwa zaidi. Santuri za Phares Oluoch Kanindo zilivuka hadi Zimbabwe, na huko muziki huo ukaitwa kwa jina lake, "kanindo".

Zimbabwe hiyo hiyo ndiyo iliyomwalika Bob Marley kuimba usiku wa uhuru wake, Aprili 1980. Benga ya ziwani na rege ya Jamaika zilikuwa zimekutana katika masikio ya nchi moja ya mbali kabla ya kuchanganywa na wanamuziki wa Kenya wenyewe.

6. Jamaika: mwalimu na wanafunzi wake

Ni kosa kudhani kwamba waimbaji wa Jamaika walijipatia upatanifu wao bila kufunzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mtaa wa Trench Town, Kingston, mwimbaji Joe Higgs aliwafundisha vijana waliokuja kujulikana kama the Wailers: Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston miongoni mwao. Aliwafundisha uani, bila ada, jinsi ya kugawa sauti na kuzishika. Vijana hao walisikiliza pia santuri za Wamarekani weusi, hasa the Impressions wa Curtis Mayfield.

Nyuma ya Higgs kulikuwa na kanisa. Nyimbo zilizokusanywa na Ira Sankey, aliyezunguka Uingereza pamoja na mhubiri Moody tangu mwaka 1873, zilienea Jamaika hata jina la Sankey likawa jina la aina ya wimbo. Nyimbo za mkusanyiko huo huo zilitafsiriwa kwa Kiswahili na kuingizwa katika Tenzi za Rohoni. Zaidi ya hayo, Kanisa la Waadventista ni miongoni mwa madhehebu makubwa ya Jamaika, kama lilivyo na mizizi mirefu Gendia. Basi mtoto wa Kingston na mtoto wa Kendu Bay walifundishwa, pande mbili za dunia, na kitabu karibu kimoja.

Kutoka hapo yalizaliwa makundi ya watu watatu: the Abyssinians, the Heptones, the Mighty Diamonds, Culture, na Burning Spear wa siku za albamu ya Marcus Garvey ya mwaka 1975, wakati Winston Rodney alipoimba pamoja na Rupert Willington na Delroy Hinds. Rodney alilitwaa jina la Burning Spear, maana yake Mkuki Uwakao, kutokana na Jomo Kenyatta. Kundi jingine, lililoanza mwaka 1972, lilijiita Black Uhuru. Na ngoma za ibada za Marasta huitwa kwa jina la Nyabingi, mzimu aliyeheshimiwa mipakani mwa Uganda na Rwanda, ambaye wafuasi wake waliwapinga wakoloni. Habari zake zilifika Jamaika kwa magazeti katika miaka ya 1930. Marley alipobaki bila Tosh na Livingston mwaka 1974, nafasi yao ilichukuliwa na wanawake watatu, Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt.

Utaratibu wa sauti zao ni mwepesi kuueleza kwa solfa. Sauti ya kwanza ikishika do, ya pili hushika mi na ya tatu so. Ya kwanza ikipanda re, ya pili hupanda nayo hadi fa. Mara nyingi sauti mbili hizo hazimfuati kiongozi katika kila neno. Hunyamaza anapoeleza kisa, huingia mwishoni mwa mstari kwa maneno mawili au matatu, au hushikilia irabu moja chini ya maneno yake. Kwenye kibwagizo ndipo wote watatu hukutana.

Hapa ndipo ilipo hoja ya kwanza ya makala haya. Kiongozi huru, anayeweza kurefusha, kukatiza na kubadili, ni yule yule wa nyatiti. Wakati wa kuingia ni ule ule wa dodo. Lakini wanaoingia wanaingia kwa sauti mbili zilizogawanywa, kila mmoja akidumu katika yake, kama walivyofundishwa na mwalimu wa kwaya. Mambo mawili ambayo ukanda wa ziwa ulijifunza katika nyumba mbili tofauti, rege iliyaleta katika nyumba moja.

Kenya ilipata mapema bendi za kuionyesha njia hiyo kwa Kiswahili. Them Mushrooms wa pwani, walioanza katika miaka ya 1970 na kujulikana kote kwa wimbo "Jambo Bwana", walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga rege nchini. Kwa upande wa ziwa, jina la kukumbukwa ni la Paul Otieno Imbaya, aliyeitwa Mighty King Kong. Aliugua polio utotoni na kubaki mlemavu wa miguu, akaishi katika mitaa ya Kisumu, kisha akawa mmoja wa waimbaji wa rege waliopendwa zaidi nchini hadi alipofariki mwaka 2007.

7. Lugha na mahadhi

Kijaluo na Kikipsigis ni lugha za toni. Katika Kijaluo, toni husaidia hata kutofautisha tendo lililokwisha kukamilika na lile ambalo bado linaendelea. Tenzi za Ulaya zilipotafsiriwa, tatizo lilitokea ambalo halina tiba kamili: ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu huimbwa kwa mahadhi yale yale, ilhali toni za maneno yake hazifanani. Katika sauti nne tatizo huzidi. Soprano inapopanda, besi huweza kuteremka. Hivyo neno moja hupanda na kuteremka kwa wakati mmoja katika vinywa vya watu walio katika safu moja ya kwaya.

Upatanifu wa benga na wa rege hauna ubaya huo kwa kiasi kile. Kwa kuwa sauti ya pili hutembea sambamba na ya kwanza, umbo la neno huhifadhiwa: inapopanda moja hupanda na nyingine. Na kwa kuwa kiongozi ni huru, aweza kuyapinda mahadhi kufuata toni ya ubeti anaouimba. Hii ni sababu ya kiisimu, wala si ya mapenzi tu, ya mtindo huu kukubalika upesi katika lugha za toni.

Kiswahili kina shida nyingine. Hakina toni ya kutofautisha maneno, bali kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Kiingereza humaliza mstari kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili karibu hakimalizi hivyo kamwe. Matokeo yake, neno "mwokozi", ambalo mkazo wake uko kwenye "ko", huimbwa kwa kupigwa "zi". Waumini wamelizoea kosa hilo kiasi cha kutolisikia tena.

Rege husaidia kwa njia isiyotazamiwa. Katika mdundo wake wa kawaida, pigo la kwanza kati ya manne huachwa tupu, na ngoma kubwa huangukia la tatu. Mwimbaji aweza kuiweka silabi yenye mkazo juu ya pigo hilo la tatu na kuiacha ya mwisho ififie baadaye, kama inavyofifia katika mazungumzo. Aidha, silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na irabu zake ni tano tu. Waimbaji watatu wenye lugha tatu za nyumbani huweza kukubaliana upesi juu ya umbo la mdomo katika "a" au "o" inayoshikiliwa. Kijaluo na Kikipsigis vina irabu zaidi, zilizogawanyika katika makundi mawili, na mgeni huzichanganya kwa urahisi. Kwa hiyo katika mahali kama Sondu, Kiswahili ni lugha ambayo haimwonei mmoja wa waimbaji.

Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Mpaka wa Sondu umeshuhudia damu. Mapigano ya mwaka 1992 yaliwatenga majirani wa Kijaluo na wa Kikipsigis, na fujo zilirudi mara kadhaa baadaye, zikiwamo zile za mwaka 2023. Si kazi ya historia kudai kwamba kuimba pamoja huzuia vita; tenzi zile zile zilikuwa zikiimbwa pande zote mbili za mto kabla ya mwaka 1992, na mapigano yalitokea. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi. Mahali ambapo lugha ya mtu yaweza kumtambulisha kuwa adui, uchaguzi wa lugha ya kibwagizo, ambacho watatu lazima wakitamke kwa pamoja, hauwezi kuwa suala la mahadhi peke yake.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uimbaji wa rege katika ukanda wa Sondu na Kisumu una nasaba ndefu: nyatiti na dodo, santuri za gramafoni milimani, solfa ya Gendia na Maseno, sauti mbili za benga, na hatimaye mafunzo ya uani huko Trench Town, ambayo yenyewe yalitokana na vitabu vya tenzi vilivyofika pia kwenye ghuba. Imeonyeshwa pia kwamba kila lugha hulipa gharama yake inapotiwa katika mahadhi.

Yabaki kazi ya kufanywa. Istilahi za walimu wa kwaya, Wajaluo kwa Wakipsigis, hazijakusanywa katika kamusi za Kiswahili. Walimu waliofundisha solfa kwa chaki na ubao wanazeeka, na madaftari yao, yaliyoandikwa kwa mkono, yamo majumbani. Mwaka 2014 nakala za nyimbo alizorekodi Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliokuwa watoto wakati ule walikuwa hai kuzisikia. Ilichukua miaka 64. Idara za lugha zilizo karibu na ziwa hazina sababu ya kungoja muda kama huo.